Kisa cha Gravelbourg: sheria haikuwaweza, kombaini ikawaweza

Shuka kwenye ramani ya Kanada mpaka kusini mwa mkoa wa Saskatchewan, kule karibu na mpaka wa Marekani, utakuta kamji kanaitwa Gravelbourg. Sensa ya 2021 ilikuta watu 986 tu, yaani kuna shule za msingi Dar zina watoto wengi kuliko huo mji mzima. Lakini kamji kenyewe kana kanisa kubwa la matofali ya njano lenye minara miwili, ukionyeshwa picha bila kuambiwa ni wapi utaapa ni Ulaya, kana koleji yake, kana jumba alilokuwa anakaa askofu, na kana wazee wa Kifaransa ambao mpaka leo Kiingereza ni lugha ya pili kwao. Kuzunguka hapo ni ngano, adesi na haradali mpaka macho yachoke, na ukitembea kilomita chache tu nje unakutana na Kiingereza kila upande.

Sasa kisa cha hawa watu huwa kinasimuliwa kirahisi sana: serikali ya Waingereza ikapiga marufuku Kifaransa shuleni, lugha ikafa, basi. Mimi nikiangalia miaka na takwimu naona haiendi hivyo kabisa. Sheria ilikuja kweli na ilikuwa mbaya kweli, ila miaka ileile iliyokuwa na sheria mbaya ndiyo miaka mji ulipokuwa na nguvu kuliko wakati wote. Kilichokuja kuumaliza ni kitu kingine ambacho hakuna mtu wa kumpeleka mahakamani, nacho ni shamba kuwa kubwa na watu kuwa wachache.

Tuanze mwanzo. Kanada ilikuwa na sheria ya ardhi ya 1872, unalipa dola 10, unapewa ekari 160, unatakiwa ukae hapo, uvunje ardhi, ulime, ndani ya miaka mitatu hati inakuwa yako. Ukisema bure si kweli, maana ardhi ilikuwa na wenyewe, Wacree, Waassiniboine, na Mametis ambao ni uzao wa wafanyabiashara wa manyoya wa Kifaransa na mama wenyeji wa kule. Mkataba namba 4 wa 1874 ndio uliochukua eneo lote hilo. Na hapa kuna kitu watu wanakiruka, Kifaransa hakikuletwa huko na mapadre wa karne ya 20, Mametis walikuwa wanakiongea kwenye hizo nyanda zamani sana, na kiongozi wao Louis Riel alinyongwa Regina, makao makuu ya leo ya mkoa, tarehe 16 Novemba 1885 baada ya vita vyao kushindwa. Kwa hiyo anapofika padre na wakulima wake anakuta nyika ambayo imeshasafishwa kwa nguvu, hilo tusilifiche.

Padre mwenyewe anaitwa Louis-Pierre Gravel, mtu wa Quebec, ule mkoa wa Kanada wanakoongea Kifaransa, alifika 1906 na nduguze wa damu kadhaa wakaungana naye. Kazi yake kanisa lilishampa: kutafuta Wakatoliki wanaoongea Kifaransa na kuwapandisha treni kwenda magharibi. Aliwatafuta Quebec na aliwatafuta Marekani pia, kwenye ile mikoa ya New England ambako maelfu ya watu wa Quebec walikuwa wamekimbilia viwanda vya nguo. Hesabu ya maaskofu ilikuwa nyepesi tu, kama hawa watu wataondoka Quebec hata iweje, bora waende kwenye ardhi ya Kanada wakae pamoja kuliko wapotelee viwandani Marekani, na wakikaa pamoja parokia itawashika.

Eneo alilochagua lilikuwa na sifa mbaya. Kapteni John Palliser alipita kwenye hizo nyanda kati ya 1857 na 1860 akasema kusini huku pamekauka mno, hapafai kilimo. Mvua za miaka ya mwanzo wa karne ya 20 zikamfanya aonekane muongo, ngano ikakubali, watu wakajaa, reli ikafika kabla ya Vita vya Kwanza, na 1916 Gravelbourg ikawa mji rasmi. Palliser alikuja kuonekana mkweli baadaye, tutafika huko.

Angalia sasa hawa jamaa walivyojenga, maana hapa ndipo kisa kinapopata utamu. Mji wenyewe una miaka kumi na kitu tangu padre ashuke. Masista wa Yesu-Maria wanajenga konventi kubwa ya wasichana. 1918 Askofu Mkuu Mathieu wa Regina anafungua koleji ya wavulana, Collège Mathieu, baadaye mapadre wa shirika la Oblate wanaishika. Mwaka huohuo 1918 wanaanza kujenga lile kanisa, 1919 limesimama. Halafu anakuja paroko anaitwa Charles Maillard ambaye kumbe ni mchoraji, anakaa miaka kumi, 1921 mpaka 1931, anachora ndani ya kanisa kwa mkono wake mwenyewe, kuta na dari, watakatifu na malaika juu ya vichwa vya watu ambao Jumatatu wanarudi kuvuna. 1930 Roma inapafanya jimbo, askofu wa kwanza ni Rodrigue Villeneuve, hakumaliza hata miaka miwili akapelekwa kuwa Askofu Mkuu wa Quebec na 1933 akawa kadinali. Hebu fikiria, mji wa wakulima katikati ya nyika, na askofu wake anatoka pale anakwenda kuwa kadinali.

Mtu anaweza kusema ni mbwembwe za kanisa, na mbwembwe zilikuwepo, ila ukiangalia kiutendaji ni kwamba mtoto wa mkulima angeweza kuzaliwa, kusoma, kuungama, kuolewa, kuuguzwa na kuzikwa bila kulazimika kutoka nje ya Kifaransa. Msichana anamaliza konventi, anakwenda kufundisha kijiji cha jirani. Mvulana anatoka koleji anakuwa padre au mwanasheria au daktari. Lugha ilikuwa na kazi ya kufanya. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kushika katika kisa hiki kuliko hizo hadithi za mapenzi ya lugha ya mama.

Haya, sheria. Saskatchewan ilizaliwa kama mkoa 1905, na Kifaransa shuleni kilikuwa kinaruhusiwa kwa kiasi. Vita ikaleta hasira na kila lugha isiyo Kiingereza, 1918 wakakibana, kikabaki cha kufundishia darasa la kwanza tu, baada ya hapo saa moja kwa siku. Kisha miaka ya 1920 inaishia na Ku Klux Klan imeingia Saskatchewan, ndiyo, hiyohiyo ya wabaguzi weupe wa Marekani, ikapata maelfu ya wanachama. Huko weusi walikuwa wachache sana, kwa hiyo chuki ikaelekezwa kwa Wakatoliki, wahamiaji wa Ulaya ya mashariki na Wafaransa. 1929 chama cha Conservative cha J.T.M. Anderson kikaingia madarakani. 1930 wakapiga marufuku misalaba ukutani na masista kuvaa kanzu zao wakifundisha shule za umma. 1931 wakafuta hata ile ruhusa ya darasa la kwanza, ikabaki ile saa moja tu, Kifaransa kama somo.

Saa moja kwa siku. Kwenye karatasi hapo lugha imekwisha. Lakini hawa watu walikuwa wameshajipanga. Walikuwa na chama chao, ACFC, kilianzishwa 1912 kule Duck Lake, na tangu 1925 hicho chama kilikuwa kinaendesha mtaala wake wa Kifaransa pembeni kabisa ya serikali, kinatunga mitihani, kinasahihisha, kinatoa vyeti na zawadi, kinachangisha pesa parokia kwa parokia. Serikali inasema saa moja, sawa, sisi hiyo saa moja tutaikamua mpaka tone la mwisho na mtihani tutautunga sisi. Na usisahau kamati ya shule ya kijijini inachaguliwa na wazazi, kama wazazi wote ni watu wa parokia moja basi wanaajiri mwalimu aliyetoka konventi ya hapohapo, mkaguzi yuko mbali na barabara ni tope, malizia mwenyewe. 1952, miaka zaidi ya ishirini baada ya marufuku, wakachangishana wakafungua redio yao ya Kifaransa Gravelbourg, CFRG, ambayo baadaye Radio-Canada, shirika la utangazaji la taifa, ndiyo iliyokuja kuichukua. Watu waliouawa lugha mwaka 1931 wanafungua redio 1952? Hapo ndipo ile simulizi rahisi inapopwaya.

Sisemi sheria haikuumiza. Iliwaambia watoto kwamba lugha ya mama ni ya jikoni na sakristia, na uchungu wa aina hiyo haumo kwenye takwimu. Mtu wa kwetu aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea kilugha shuleni ataelewa bila maelezo. Ila kama kipimo ni watu kubaki na lugha kubaki, sheria peke yake ilishindwa.

Ambacho hakikushindwa ni hiki. Nyanda zile zilipimwa kwa miraba, maili moja kwa maili moja, ekari 640, kila mraba umekatwa vipande vinne vya ekari 160. Kipande kimoja familia moja. Kwa hiyo kwa hesabu ya mwanzo mraba mmoja una familia nne, kila familia ina watoto wengi maana ni Wakatoliki wa zamani, na kila baada ya maili chache kuna shule ya chumba kimoja na watoto wanaifikia kwa miguu au kwa farasi. Farasi na jembe lake ndiyo mipaka ya mtu, huwezi kulima zaidi ya unavyoweza kuamka. Saskatchewan mwaka 1936 ilikuwa na mashamba zaidi ya 142,000.

Sasa ingiza trekta. Kwanza dogo, halafu kubwa, halafu kombaini inayovuna, kupura na kupepeta palepale. Mwenye kombaini lazima awe na eneo kubwa ili mashine ilipe deni lake, kwa hiyo jirani akizeeka na vijana wake wamekwenda Regina au Calgary, ananunua kipande chake. Kesho anamfuata wa upande mwingine. Sensa ya kilimo ya 2021 ilihesabu mashamba 34,128 Saskatchewan nzima, na shamba la wastani lina zaidi ya ekari 1,700. Gawa kwa 160. Pale palipokuwa na nyumba kumi au kumi na moja za wakulima sasa pana nyumba moja, baba, mama, watoto wawili na karakana yenye mashine za mamilioni. Nyumba nyingine zilivunjwa au zimebaki zinalalia upande zikisubiri upepo.

Kila familia moja ikiondoka inaondoka na vitu ambavyo havionekani haraka. Shule ya chumba kimoja inapungukiwa watoto inafungwa, watoto wanapandishwa basi kwenda shule ya mji mwingine, na kwenye basi lugha inayoshinda ni ya wengi, yaani Kiingereza. Duka la jirani linakufa, watu wanakwenda kununua Moose Jaw au Swift Current kwa Kiingereza. Kijana anayetaka mchumba hana wa kuchagua parokiani, wote ni binamu zake, anaoa Mwingereza, nyumbani wanaongea lugha ambayo wote wawili wanaijua. Hakuna aliyelazimishwa na hakuna aliyesaliti. Halafu ndiyo yule Palliser aliyesema pamekauka, ukaja ukame wa miaka ya 1930 uliokuja pamoja na bei ya ngano kuanguka, vumbi likazika nyua, watu wakafunga mizigo kabla hata trekta hazijachanganya.

Pembeni kidogo, hapa kuna kichekesho. Mwaka 2021 ukame mkali ulipiga hizo nyanda, haradali ikaharibika, na 2022 Wafaransa wa Ufaransa kabisa wakakosa haradali ya Dijon madukani kwa sababu sehemu kubwa ya mbegu zao ilikuwa inatoka Kanada, na Saskatchewan ndiyo mlimaji mkubwa. Paris wanapigana kwenye rafu kwa ajili ya mvua ambayo haikunyesha kwa hawa wakulima.

Turudi. Cha ajabu ni kwamba haki zilikuja mashine zikiwa zimeshamaliza kazi. Katiba mpya ya 1982 ikaweka kifungu cha 23, wazazi wa lugha ya wachache wana haki ya shule za lugha yao kwa pesa za umma pale watoto wanapotosha idadi. Halafu kuna kesi ya padre André Mercure, paroko wa upande mwingine wa mkoa, alikamatwa kwa kwenda kasi 1980, akadai kesi yake isikilizwe kwa Kifaransa. Faini ya mwendo kasi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, yeye akafa 1986 kabla haijaisha, na Februari 1988 majaji wakasema kweli, kuna sheria ya zamani ya maeneo ya kaskazini-magharibi, ambayo Saskatchewan ilikuwa sehemu yake kabla ya kuwa mkoa, bado iko hai, Saskatchewan ilitakiwa itunge sheria kwa lugha mbili muda wote. Lakini wakaongeza kwamba mkoa unaweza kuibadilisha hiyo sheria kwa kura ya kawaida. Serikali ya mkoa ikafanya hivyohivyo mwaka huohuo, ikatunga sheria ya kuhalalisha sheria zake zote za Kiingereza. Mwaka huohuo tena moto ukateketeza Collège Mathieu, ikabidi wajenge upya. Katikati ya miaka ya 90 Fransaskois, ndivyo wanavyojiita Wafaransa wa Saskatchewan, wakapata bodi zao za shule. 1998 Roma ikalifuta jimbo la Gravelbourg, waumini hawatoshi, kanisa kuu likabaki na jina la heshima tu.

Mimi hapo naona walifanya kosa moja la mkakati, na nasema hivi nikijua ni rahisi kusema leo. Nguvu zote zilikwenda kwenye parokia, shule na mahakama, na ardhi ikaachwa kwa kila mtu na benki yake. Walikuwa na vyama vya ushirika vya nafaka na mikopo kama wenzao wote wa Saskatchewan, ila sijaona chombo chao cha kusaidia kijana Mfaransa abaki na kipande cha baba yake. Wahutterite, Wakristo wanaoishi kijamaa, ambao wako nyanda hizohizo wanamiliki shamba kwa pamoja, koloni zima, na Kijerumani chao kipo mpaka leo. Maisha yao yana gharama yake kubwa, uhuru wa mtu binafsi kule ni mdogo, na sidhani mkulima wa Gravelbourg angeukubali. Lakini linganisha tu.

Na hapa ndipo kisa kinapotugusa sisi. Tangu 2020 serikali ya Kanada ilichagua jamii 14 nje ya Quebec za kupokea wahamiaji wanaojua Kifaransa, na moja ni Moose Jaw pamoja na Gravelbourg. 2025 ikaja programu nyingine ya majaribio ambayo ndani yake kuna St-Pierre-Jolys ya mkoa jirani wa Manitoba, mji mwingine wa wakulima wa aina hiihii. Jamaa wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, wamo kati ya wanaolengwa, wamesoma kwa Kifaransa, ni Wakatoliki wengi wao, wana watoto. Padre Gravel angewapokea stesheni kwa mikono miwili.

Ila ardhi ya dola 10 haipo tena. Anayefika hapo leo anakwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, shuleni, karakana au kwa mkulima mwenye hizo ekari 1,700, na bila gari na bila koti la maana Januari utajuta. Wengi wanakaa kidogo wanahamia Regina au Saskatoon ambako kuna wenzao, kuna duka la sembe na kanisa lenye kwaya ya Kiswahili, na mimi siwalaumu.

Halafu kuna hiki kifungu cha 23. Kinampa haki raia wa Kanada ambaye lugha ya kwanza aliyojifunza ni Kifaransa na bado anaielewa, au aliyesoma shule ya msingi kwa Kifaransa ndani ya Kanada. Soma tena polepole ukimfikiria baba wa Goma. Lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Shule ya msingi amesoma kwa Kifaransa, lakini Kongo. Akipata uraia, kwa njia hizo mbili bado hayumo, wakati jirani yake ambaye bibi yake ndiye wa mwisho kuongea Kifaransa vizuri anaweza kuwemo kama tu alisoma msingi kwa Kifaransa Kanada. Mtoto wake anaingia shule ya Kifaransa kwa ruhusa tu, kwa kamati kukaa na kukubali. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwenye kesi iliyotoka kaskazini kabisa huko Yellowknife, ilisema waziri anayewakataa watoto wa namna hii lazima apime maana ya kifungu cha 23 na faida ya jamii ya Kifaransa kubaki hai, asikatae kwa kanuni ya ofisini tu. Haikusema wana haki. Kwa hiyo mzazi anayefikiria kwenda Gravelbourg, kabla hujauliza mshahara uliza bodi ya shule wanapokeaje watoto wasio na hiyo haki, na omba wakujibu kwa maandishi.